Kabureta Kubwa kwenye Tustroki Ndogo: Ikikataa, Anza Hapa

Kijana aliyekuja kwangu majuzi kutoka Kisauni alikuwa na Yamaha AG 100 ya zamani, tangi limepakwa rangi upya, na kabureta ya milimita 26 imening'inia ubavuni kama ndoo. "Ami, ilikuwa inakwenda vizuri kabla sijaiongeza nguvu," aliniambia. "Sasa ukiivuta inazama, ukiiwacha inapiga kelele, na plagi nimeshabadilisha tatu." Nikamwuliza kabureta imetoka wapi. Ilinunuliwa Nairobi, ikafungwa Nairobi, ikajaribiwa Nairobi, kisha pikipiki ikashushwa huku Mombasa kwa lori. Nusu ya jibu nilikuwa nayo kabla sijashika bisibisi.

Tustroki, yaani injini za mipigo miwili, zimebaki chache mjini. Boda boda karibu zote sasa ni fostroki, za mipigo minne, Boxer na TVS, na mafundi wengi wamejifunzia huko. Ukiwapelekea AG au DT 125 iliyobadilishwa kabureta watakusaidia kwa moyo wote, ila kwa mazoea ya injini nyingine. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwanza hesabu ya shimo la kabureta, kile chombo cha kuchanganya hewa na petroli, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu. Ukisikia kabureta ya milimita 20 na ya 26 unadhani tofauti ni sita tu. Lakini shimo ni duara, na ukubwa wake hufuata mraba wa kipenyo: 26 mara 26 ni 676, na 20 mara 20 ni 400. Mlango umepanuka karibu asilimia 70, na injini ni ile ile ya cc 100, inavuta pumzi ile ile. Petroli haipandi kutoka kwenye bakuli la floti (kiboya kinachopima petroli) kwa sababu umeiita. Hupandishwa na hewa inayopita mbio juu ya sindano. Panua mlango, hewa inapita polepole, petroli inafanya uvivu. Ni kama kusi: ikipita kwenye vichochoro vya Mji wa Kale inakuvua kofia, ikifika uwanja wa Makadara imeshapoa.

Kwa injini ya cc 100 ambayo silinda na ekzosi zake hazijaguswa, mimi naishia 24. Mara nyingi 22 inatosha na raha yake ni kubwa zaidi. Ya 26 ni ya mtu aliyekwisha kupanua matundu ya silinda na kubadilisha ekzosi, na anayejua kwa nini alifanya hivyo.

Kabla hujafungua kitu

Chukua plasta nyeupe, ile ya kidonda. Kata kipande kirefu ukizungushe kwenye mkono wa mafuta, ule unaouvuta kuongeza mwendo, na kipande kingine ukibandike kwenye kibweta cha swichi kando yake. Mkono ukiwa umefungwa kabisa, piga mstari kwa biro uvuke plasta zote mbili. Uvute hadi mwisho, piga mstari mwingine. Kisha gawa katikati, robo, na robo tatu. Ukiendesha sasa, ugonjwa ukitokea, unatupa jicho tu: ulikuwa wapi?

Nasisitiza jambo hili hadi wateja wananichoka, kwa sababu kabureta ya slaidi, yaani kizibo kinachonyanyuliwa na kebo ya mkono, ni kama nyumba yenye wapangaji wanne. Tangu mkono umefungwa hadi kama moja ya nane, anayetawala ni jeti ndogo (jeti ni kitundu kinachopima petroli) pamoja na skrubu ya hewa. Toka hapo hadi robo, ni mkato ulio chini ya slaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano na mrija wake. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Mipaka inaingiliana kidogo, lakini mtu anayebadilisha jeti kubwa kwa ugonjwa ulio robo ya mkono anampeleka mahakamani mpangaji asiyehusika. Na angalia: ni wapi mkono umefika, si kasi ya pikipiki wala gia. Unaweza kuwa unakwenda kilomita 70 kwa saa na mkono uko robo tu.

Ukishajua mahali, tafuta upande: injini ina njaa ya petroli, au imeshiba kupita kiasi? Kuna majaribio mawili yasiyo na gharama. Ugonjwa ukiwa unatokea, vuta choki kidogo. Ikapata nafuu, ilikuwa na njaa. Ikazidi kulemewa, ilikuwa imeshiba. La pili ni kinyume chake: toa kifuniko cha boksi la hewa uendeshe hatua chache. Ikichangamka bila kifuniko, ilikuwa imeshiba. Ikizidi kuzama, rudisha kifuniko haraka, maana njaa ndiyo inayoyeyusha pistoni. Shibe hukuchafulia plagi na kuwafukiza majirani, basi.

Huku ni usawa wa bahari

Sasa ile nusu ya jibu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa kama asilimia 15. Jeti iliyopimwa kule inatosheleza hewa ya kule. Ukiishusha Mombasa, kila mvuto wa pistoni unaingiza hewa nzito zaidi na petroli haiongezeki kwa kadiri hiyo. Injini inaingia njaa bila mtu kugusa kitu. Na kwa kuwa ikiwa na njaa kidogo huwa nyepesi na kali masikioni, mwenyewe anafurahi: "imechangamka bahari imeipenda!" Inachangamka hadi Mtwapa, halafu inakwama.

Kwa hiyo kabureta yoyote iliyotoka bara, au namba za jeti ulizopewa na mtu wa Nairobi au Nakuru, hesabu kwamba huku jeti kubwa itataka kupanda saizi moja au mbili, pengine na sindano kunyanyuliwa. Na kama umepima mchana wa Februari jua likiwa utosini, kumbuka kwamba alfajiri za Julai hewa ni ya baridi na nzito kidogo. Usiiache kwenye ukingo.

Haiwaki, au inawaka kwa kiki ishirini

Mara nyingi hapa kabureta haina kosa. Kabureta nyingi za slaidi zina choki ambayo si mlango wa kufunga hewa. Ni njia ndogo ya kuongeza petroli, na hufanya kazi mkono ukiwa umefungwa kabisa. Sisi tumezoea kuvuta mafuta huku tunapiga kiki. Ukivuta tu, mvuto ule wa njia ya choki unapotea na unapiga kiki kwenye hewa tupu. Wacha mkono, vuta choki, piga.

Ikiwa inamwaga petroli kwenye mrija wa chini, fungua bakuli. Kabureta iliyokaa dukani au kwenye kabati hapa pwani utaikuta na unga mweupe chini kama chumvi ya mawe. Ni maji yaliyoila alumini. Unga huo ukikaa kwenye kiti cha sindano ya floti, petroli haifungiki. Safisha kwa brashi ya meno na petroli safi, na uangalie ncha ya sindano ya floti kama ina pete iliyochimbika. Ina pete? Nunua nyingine, usiipige msasa. Angalia pia kabureta imekaa wima. Ili kukwepa bloku au fremu, watu huilaza ubavu, na floti ni kama kipimo cha maji cha fundi wa nyumba. Ukiilaza sana, inasema uongo.

Inapiga resi yenyewe

Hili lisimame peke yake, kwa sababu linaweza kukuvunja mguu.

Ikiwa resi inaruka mara tu inapowaka, zima haraka ufungue slaidi. Mkato wake wa mshazari lazima uelekee upande wa chujio la hewa. Ukiigeuza kwa nguvu iingie kinyume, au mfereji wake usipokaa kwenye kijiti chake, haitashuka. Jizoeze kabla ya kuwasha: vuta mkono hadi mwisho, uachie. Lazima usikie "tak!" ya slaidi ikigonga chini. Kisha zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho huku injini imezimwa, usikilize "tak" ile ile pande zote. Kabureta mpya mara nyingi ina kofia ndefu kuliko ya zamani, kebo inakuwa fupi, na ukikata kona slaidi inanyanyuka yenyewe. Kwenye mzunguko wa barabara wenye matatu, hilo si jambo la kujifunza.

Ikiwa resi inapanda polepole injini ikipata moto, au ukiachia mkono inaning'inia juu kama mtu anayesita kushuka ngazi, basi inavuta hewa mahali. Na mahali pa kwanza pa kushuku ni hapo hapo ulipofanya kazi: mpira wa manifoldi. Kabureta ya 24 au 26 ina shingo nene kuliko mpira wa asili, kwa hiyo watu huchongesha kiunganishi cha alumini kwa fundi wa mashine. Kazi nzuri kabisa, lakini tazama uso unaobana: ukiuweka juu ya kioo cha dirisha, usitikisike. Ukitikisika, hakuna gasketi itakayokuokoa. Na bora kiunganishi kiwe na kipande cha mpira katikati. Kabureta ikikazwa chuma kwa chuma, mtetemo wa injini unaichapa petroli kwenye bakuli hadi inatoa povu kama sabuni, na jeti inavuta povu. Dalili yake ni misi, injini kukatakata, kwenye resi fulani tu, chini yake safi, juu yake safi.

Kutafuta tundu, weka maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, injini ikiwa sailensi (inanguruma chini chini, mkono umefungwa), upulizie viungo vyote taratibu. Penye tundu, povu litanyonywa na mlio utayumba. Wapo wanaorusha petroli kwa bomba la sindano. Nyusi za mmoja nilizishuhudia zikiondoka.

Umekaza kila kitu na bado inaning'inia? Nenda kwenye sili za krenki, mipira inayoziba pande mbili za mhimili wa injini. Tustroki huvutia hewa tumboni, kwa hiyo sili iliyochoka ni sawa na mpira uliopasuka. Kwenye Yamaha hizi, sili ya kulia iko upande wa klachi: ikipasuka injini inanyonya oili ya gia, moshi unakuwa mzito na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Ya kushoto iko nyuma ya magneto, haivuti oili bali hewa tupu, na hii ndiyo mbaya kwa sababu haitoi moshi wa kukuonya. Injini ya miaka thelathini ikiongezewa kabureta ndipo watu wanagundua sili zilikufa zamani. Kabureta inalaumiwa bure.

Na ikitokea imekukimbia barabarani, swichi umezima na bado inanguruma: bana breki, tia gia ya juu, uachie klachi hadi izimike. Usikae kuitazama.

Haishiki sailensi

Kivuko cha Likoni ndicho kipimo. Umezima injini ndani ya feri, mlango unashuka, watu mia wanasukumana, lori nyuma yako linapiga honi, na pikipiki yako inazima kila ukiwacha mkono juu ya ile mteremko wa chuma. Hapo utakumbuka jeti ndogo.

Pasha injini moto kwanza, kilomita mbili tatu. Nyanyua resi kidogo kwa ile skrubu inayoinua slaidi. Sasa tafuta skrubu ya hewa. Ikiwa iko upande wa chujio, ukiikaza unapunguza hewa, petroli inazidi. Kwenye kabureta nyingine skrubu iko upande wa injini, na hiyo inapima petroli, mwendo wake ni kinyume. Usifuate maelezo ya jirani kabla hujaangalia yako iko wapi. Ikaze taratibu hadi mwisho bila nguvu, kisha ifungue robo baada ya robo ukisikiliza. Kutakuwa na mahali mlio unapanda na kutulia. Hapo ndipo.

Hesabu ni mizunguko mingapi. Kwa skrubu ya hewa, ikiwa mahali pazuri ni chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno, panda saizi. Ikiwa ni zaidi ya miwili na nusu, jeti ndogo ni kubwa mno, shuka. Ukiona skrubu haibadilishi chochote hata ukiitoa yote, kijia chake kimeziba, au slaidi imeinuliwa juu mno na sailensi inatoka kwingine.

Neno kuhusu kuzibua. Jeti za Mombasa zina historia. Mtu aliona imeziba, akachomoa uzi wa waya wa shaba, au njiti ya ufagio wa chuma, akasugua. Imezibuka, ndiyo, na imepanuka. Namba iliyochongwa juu yake sasa ni jina tu. Ukinunua kabureta iliyotumika, nunua na jeti mpya, bei yake ni ndogo kuliko ringi. Na zile kabureta za bei rahisi zilizoandikwa 28, ingiza kipimo mwenyewe. Nimeshaona 28 ambayo ni 26.

Ukivuta ghafla inazama

Huu ndio ugonjwa halisi wa kabureta kubwa, na kila anayebadilisha ataupata. Uko kwenye taa za barabarani, unavuta, injini inafanya "bwaaa", inakaa kama imefikiri, halafu inaruka. Chanzo ni kile cha Makadara: umefungua mlango wote kwa mara moja, hewa imelegea, petroli haijafika.

Sehemu ya dawa ni mkono wako. Kabureta kubwa haitaki kuvutwa kwa pupa kutoka chini. Sehemu nyingine ni jeti ndogo na mkato wa slaidi. Slaidi huandikwa namba, kama 2.0, 2.5, 3.0. Namba ikipanda mkato umekuwa mkubwa na hewa imezidi. Ikizama na choki kidogo inaisaidia, tafuta slaidi ya namba ndogo zaidi, au panda saizi moja ya jeti ndogo kwanza kwa kuwa ni rahisi. Ikizama kwa mlio mnene wa "brr-brr-brr" na moshi, ni shibe, fanya kinyume.

Lakini kuna jambo moja mafundi wa fostroki hawalijui, na ndilo lililokuwa limemshinda kijana wa Kisauni baada ya kupandisha jeti. Mrija wa shaba ambao sindano huingia ndani yake si wa aina moja. Wa fostroki kwa kawaida una matundu mengi ubavuni, hewa inaingia ikachanganyika na petroli humo humo. Wa tustroki huwa mzima, na juu, kwenye koo la kabureta, kuna kijiukuta cha nusu duara upande wa hewa ili kuongeza mvuto. Kabureta iliyotolewa kwenye fostroki ikifungwa kwenye AG, unaweza kubadilisha jeti mwezi mzima na isipate uzima. Tulichungulia kwa tochi ya simu: matundu mengi, kijiukuta hakuna. "Kwa hivyo zile plagi tatu..." akaanza. Nikamwambia, mwanangu, plagi zako zilikuwa nzima.

Katikati inasitasita

Nusu ya mkono, mwendo wa kawaida wa kwenda Bamburi. Hapa ni kikamatio cha sindano tu. Sindano ina mifereji, mara nyingi mitano. Kikamatio kikishushwa mfereji mmoja, sindano inapanda, petroli inaongezeka. Kikipandishwa, inapungua. Anza wa kati. Badilisha mfereji mmoja kwa wakati, na andika. Mtu anayebadilisha sindano, jeti na plagi siku moja hatajua kilichomponya.

Juu kabisa

Jeti kubwa haipimwi kwa kusikiliza uani. Anza na kubwa kuliko unavyodhani, saizi tatu juu. Ikiwa imeshiba sana, mkono ukifika mwisho injini itapiga kwa kusitasita, moja inawaka moja haiwaki, mlio kama wa fostroki iliyochoka. Shuka saizi moja moja hadi kusitasita kuishe na mlio uwe safi. Hapo simama. Ukitaka ushahidi, weka plagi mpya, tafuta barabara ndefu tupu alfajiri, kama ile ya Dongo Kundu kabla ya malori, vuta hadi mwisho kwenye gia ya tatu kwa sekunde kadhaa, kisha kwa pamoja bana klachi na uzime swichi. Usiache ijizimie kwa sailensi, itapaka plagi masizi mapya na kukudanganya.

Plagi usiitazame nchani. Tazama chini kabisa ya kaure, kule inakozama ndani ya chuma, kuna pete ya rangi. Ya mdalasini ni njema. Nyeusi ya unyevu ni shibe. Nyeupe kama chaki ni njaa. Na ukiona vidoa vidogo vinavyometameta juu ya kaure kama vumbi la fedha, hayo ni mabaki ya pistoni yako. Usiwashe tena kurudi nyumbani. Sukuma.

Ikiwa inashika kasi vizuri, lakini baada ya mwendo mrefu wa mkono wote inapoteza nguvu, ukipunguza inarudi, usiguse jeti. Bakuli linakauka. Chomoa mrija wa petroli, uweke kwenye chupa tupu ya soda ya mililita 300, fungua bomba. Ijae ndani ya dakika moja. Haijai? Kutu ya tangi, chujio dogo la kwenye mrija, au tundu la kifuniko cha tangi lililozibwa na rangi mpya, kama tangi la kijana wetu.

Ikiwa haifiki kasi iliyokuwa nayo zamani, angalia mambo mawili. Slaidi ya 26 inahitaji kebo ivutwe milimita 26, na mkono wa asili ulitengenezewa ndogo. Toa boksi la hewa, vuta hadi mwisho, uchungulie kwenye koo: ukiona mwezi mwandamo wa slaidi umebaki juu, hujawahi kufungua kabureta yako yote hata siku moja. La pili, ekzosi. Oili ya bei rahisi hugeuka kaboni, na tundu la nyuma likibaki la kuingia kidole kidogo, hakuna kabureta duniani itakayosaidia.

Oili

AG na DT zina pampu ya oili, na kebo ya mkono hugawanyika mbili: moja kwenye kabureta, moja kwenye pampu. Unapohangaika kurefusha upande wa kabureta, upande wa pampu unabaki umelegea, na hakuna kitakachokuambia. Kila ukigusa kebo, fungua kifuniko cha pampu, angalia alama ya kwenye puli inakutana na mwenzake kwa kipimo cha pikipiki hiyo. Halafu, kwa lita tano za kwanza za majaribio, changanya oili kwenye tangi pia, mililita 20 kwa lita. Itatoa moshi, wacha itoe.

Wapo wanaong'oa pampu wakachanganya kila kitu kwenye tangi, mililita 30 hadi 40 kwa lita kulingana na oili. Si vibaya, mradi ujue mambo mawili. Nafasi iliyochukuliwa na oili si ya petroli, kwa hiyo ukiongeza oili umeongeza njaa kidogo, na jeti ipimwe kwa mchanganyiko ule ule utakaoutumia kila siku. La pili ni mteremko. Umepanda Mazeras mkono wote umevutwa, injini imewaka moto, umegeuza, unateremka kuelekea Miritini mkono umefungwa na gia ya nne imeshika. Magurudumu yanazungusha injini kwa kasi, na kwa kuwa mkono umefungwa hakuna petroli, na kwa kuwa oili iko ndani ya petroli, hakuna oili. Injini nyingi zilizojamu "bila sababu" zilijamu hapo. Bana klachi uiache ishuke kwa sailensi, au kila baada ya hatua chache uvute mkono kidogo inyweshwe. Na ukisikia mlio umebadilika ghafla, umekuwa mzito na mkavu, kama mtu aliyekushika breki kwa nyuma, vidole vya kushoto viwe vimeshafika kwenye klachi.

Kijana wa Kisauni tulimwekea 24 ya tustroki, mkono wa DT, na jeti saizi mbili juu ya aliyokuja nayo. Ile 26 ameitia kwenye mfuko wa plastiki. Anasema ataiuza Nairobi.